Wivu Wangu na Ungo wa Zuhura

Vijana mnaoingia kazi ya kutafuta madini, kabla hamjaniamkia shikamoo, ngojeni nijieleze. Mimi ni mstaafu kweli, lakini mstaafu wa miaka thelathini na sita. Kilichozeeka ni magoti. Yamechuchumaa kwenye makorongo ya Dodoma tangu nikiwa msichana wa miaka ishirini, na daktari alipoyaona kwenye picha aliniuliza kama ni yangu au nimeyaazima kwa bibi. Nikaacha kazi. Sasa nalima alizeti kwetu Mlali, na nikimaliza palizi nakaa naota. Kuota bado sijastaafu.

Jina langu Sechelela, wengi huniita Seche. Shule yangu ni darasa la saba. Mambo ya miamba nimeyajua kwa kuyakalia, kwa hiyo nikikosea jina la jiwe nisameheni, msinikatishe. Ninachotaka kuwaambia hakimo kwenye vitabu vyenu vya chuo kule Chimwaga. Ni habari ya wivu, na jinsi wivu ulivyonifundisha kazi kuliko bosi wangu yeyote.

Lakini kwanza jiwe lenyewe, msije mkapotea njiani.

Zebaki mnaijua. Ni ule ute mweupe wa chuma unaokimbia kimbia, ambao wachimbaji wadogo hunasia dhahabu. Inakotoka ndiko wengi hawajui. Hutoka kwenye jiwe jekundu liitwalo sinaba, jekundu kama pilipili iliyoivia mtini, na zito kuliko umbo lake. Wenye elimu wanasema zamani sana maji ya moto yalipanda kwenye nyufa za mwamba, yalipopoa yakaliacha humo. Ofisi yetu, iliyokuwa mjini pale Kikuyu, haikuwa na njaa ya zebaki. Ilitaka dhahabu. Ila ukiona chembe za sinaba mchangani, unajua maji ya moto yalipita jirani, na yalipopita pengine yaliacha na kingine. Sisi tulikuwa watafuta moshi, moto walikuwa wanautaka wao.

Kuitambua si kazi. Chukua kigae kilichovunjika, geuza upande wa nyuma usio na rangi, usugue ile chembe. Jiwe la kutu nalo huacha mstari mwekundu, lakini mwekundu wa tofali, wa damu iliyokauka. Sinaba huacha mwekundu unaokupigia kelele. Siku ya kwanza kuja kazini niliokota kopo zima la vijiwe vyekundu vinavyong'aa, nikampelekea bosi nimekunja magoti kabisa kwa heshima. Akasugua. Mstari mweupe. "Hizi ni ganeti, binti," akasema, "zimejaa makorongo yote. Lakini kopo lako ni zuri." Nikaenda nyuma ya hema nikacheka mpaka nikalia kidogo.

Na neno moja la usalama, nalisema mara moja tu: jiwe hili usiliweke jikoni, usilichome kuona litafanyaje. Mvuke wake ni sumu. Mkilishika, mnawe, basi.

Bosi mwenyewe tulimwita Bwana Lema. Alikuwa mtu wa makamo, miwani yake imefungwa kwa waya sikio la kushoto, na kila kitu aliandika kwa penseli. Kalamu ya wino alikuwa hataki hata kuiona. Kambi yetu ilikuwa nyuma ya vilima, mwendo wa saa moja na nusu kwa baiskeli toka Mlali. Kazi yetu sisi wasichana ilikuwa kuchukua mchanga wa makorongo, kuupunguza hadi vibaki vile vizito, kuvitia kwenye kifuko na kuandika namba ya kituo, yaani mahali mchanga ulipochotwa. Mwanzoni tuliosha mchanga kwa maji kwenye karai, kama wanavyofanya kwenye mito. Lakini Dodoma mwezi wa kumi maji unayatoa wapi? Boza lilikuja mara mbili kwa wiki, na wanawake wa kijijini walikuwa wanaliona linapita.

Siku moja mama mmoja alisimama na ndoo yake tupu kichwani, akatutazama tunamimina.

"Binti, hayo maji mnaogeshea mchanga?"

"Ndiyo, mama."

"Mchanga wenyewe una harusi?"

Jioni ile Bwana Lema alikuwa anazunguka kambi mikono nyuma, anajisemea peke yake. Ndipo Zuhura, aliyekuwa na wiki moja tu kazini, akasema: "Bosi, kwa nini tusipete?"

Hapo ndipo wivu wangu ulipozaliwa, na ninaweza hata kuwaonyesha jiwe nililokuwa nimekalia.

Maana jamani, mimi nilikuwa na miezi minne pale. Nimekua napeta. Mwanamke yupi wa Ugogo hajapeta uwele na mtama? Unarusha, upepo unachukua makapi, kizito kinarudi, unatikisa kidogo, kibaya kinakuja mdomoni mwa ungo na kizuri kinabaki nyuma. Mchanga mkavu ni vilevile, ila hapo ile changarawe nzito inayowakera wapishi ndiyo unayoitaka. Kitu hicho nilikuwa nacho mkononi tangu utotoni, na haikunijia kukisema. Mgeni akaja, akakisema kati ya kijiko cha kwanza na cha pili cha uji.

Bwana Lema alipiga paja. "Zuhura! Wewe ni mjiolojia uliyekosa cheti!"

Kesho yake tukanunuliwa nyungo.

Zuhura alikuwa Msandawe wa Kwa Mtoro huko Chemba, amenizidi miaka miwili. Mrefu, mpole, hana haraka. Akiongea na mama yake kwenye simu, ile lugha yao ilialika mdomoni kama mtu anavunja karanga, na watu wote waliacha kazi kumsikiliza. Hata hilo nililionea wivu. Nilijifungia chooni nikajaribu kualika ulimi, nikajiuma. Mpishi alimwekea ukoko wa wali bila kuombwa. Dereva alimwita Mwalimu. Na yeye alinipenda, hilo ndilo lililoniudhi zaidi. "Mdogo wangu, njoo ukae upande huu, huko vumbi litakufuata." Mimi nilikuwa nimekaa kule makusudi, ili vumbi langu limfuate yeye.

Basi kwenye kituo cha saba Zuhura alipeta, akaniita. Ndani ya ungo wake, pembeni ya mchanga mweusi, kulikuwa na chembe nyekundu kumi na nne. Bwana Lema alikuja mbio, kofia mkononi. Akasugua moja kwenye kigae. Mstari ukapiga kelele. Yule mzee aliruka, nawaambia, akaruka na miwani ikaruka.

Toka siku ile kila ungo wa Zuhura ulitoa nyekundu. Kituo cha nane, kumi na moja. Cha tisa, kumi. Cha kumi, saba. Tulikuwa tunashuka na korongo, kwa hiyo Bwana Lema alifurahi: chembe zinapungua kadiri unavyoliacha chimbuko lake, ndivyo inavyotakiwa. Mimi nilikuwa napeta hatua thelathini kutoka alipo, napata ganeti. Napata kutu. Siku moja nilipata jino la mbuzi.

"Mkono wa Zuhura unajua," Bwana Lema alikuwa akisema. "Seche, wewe mkono wako una haraka."

Kisha tukahamia korongo la pili, ng'ambo ya mlima, ambako mchanga wake hauhusiani na wa kwanza. Zuhura akapata tena. Chembe tano, nne, tano. Hapo Bwana Lema akawaka kwa furaha: makorongo mawili, maana yake chimbuko ni kubwa, limepita chini ya mlima mzima! Akachora mstari kwenye ramani, akatuma habari mjini waletwe wachimba mitaro. Mitaro yenyewe ingekata mashamba manne ya wanakijiji, yaliyokwisha kung'olewa visiki yakingoja mvua.

Jumatano ya wiki hiyo akatukusanya wakati wa chai.

"Ofisi inataka mtu mmoja wa kudumu kwenye chumba cha sampuli pale Kikuyu," akasema. "Atakaa ndani, kuna feni, na atafundishwa kutumia darubini ya kukuzia chembe. Nitapeleka jina moja mwisho wa mwezi."

Darubini! Vijana, ninyi mmezaliwa mnaziona kwenye simu. Mimi nilikuwa nimeiona mara moja, Bwana Lema aliponiruhusu nitazame chembe ya ganeti nikaona chumba kizima chekundu chenye madirisha. Tangu hapo nilikuwa naota. Niliambiwa mawe mengi majina yake huishia na "aiti", nikajitungia la kwangu, sechelaiti, jiwe la samawati lisilopatikana kokote duniani ila nyuma ya choo cha nyumba yetu. Mnacheka. Lakini ile kazi niliitaka kweli. Na kila mtu alikuwa anajua jina litakuwa la nani. Hata mpishi alikuwa ameshaanza kumpa Zuhura mkono wa kwaheri.

Kesho yake Zuhura akaomba ruhusa ya siku nne, mdogo wake anaolewa. Akautundika ungo wake kwenye mti wa hema, upande wa kushoto, akaondoka.

Mimi nikauangalia ule ungo.

Sikuwaza mambo ya kitaalamu. Niwaambie ukweli, niliwaza bahati. Nilifikiri ungo una baraka, pengine bibi yake kautemea mate. Ijumaa asubuhi nikautungua, nikauacha wangu hemani, nikaenda nao kituo cha thelathini na mbili, ambapo Alhamisi nilikuwa nimepeta kwa ungo wangu bila kupata kitu. Shimo lilelile. Mchanga uleule.

Chembe sita.

Nilipiga kelele mpaka kunguru wakaondoka mtini. Bwana Lema akaja, akasugua, akaniangalia kana kwamba ndiyo kwanza nimefika kazini. "Seche! Mkono umetulia!" Safari hii jina langu lilitajwa kwa sifa. Alasiri kituo cha thelathini na tatu, chembe nne. Mpishi akaniletea ukoko. Nikaula wote, mtamu, na kila nilipotafuna nilikuwa nawaza: sasa jina ni langu.

Hapa kuna funzo la kazi, nalisema kwa aibu. Mchanga uleule, shimo lilelile, jana sifuri na leo sita. Mtu mwenye akili timamu angesimama palepale akauliza kimebadilika nini. Mimi nilijua kilichobadilika, nilikuwa nimekishika mkononi! Lakini mwenye wivu akipata haulizi. Aliyekosa ndiye huuliza.

Jumapili ilikuwa zamu yangu ya kwenda nyumbani. Niliogopa kuuacha ungo kambini, mtu asije akautambua kwenye vitu vyangu, nikaufunga nyuma ya baiskeli nikaenda nao Mlali. Nilipofika nikanawa, nikaingia ndani kumsimulia baba jinsi mkono wangu ulivyotulia. Mama akawa nje anapeta uwele wa ugali.

"Seche!"

"Abee mama."

"Njoo uone. Ungo wako una chawa wekundu?"

Nikatoka. Ungo wake wa siku zote ulikuwa umefumuka, akauchukua niliokuja nao. Uwele mweupe ulikuwa umejaa, na pembeni kabisa, pale kizito kinapokaa, chembe mbili nyekundu.

Nilisimama. Uwele ule nilijua ulikotoka. Ulitoka shamba letu, ukapigwa kwenye kichanja chetu, ukakaa ghalani kwetu. Uwele wa mama yangu hauna sinaba. Kwa hiyo nyekundu haikutoka kwenye uwele.

Nikaugeuza ungo juani nikautazama kwa karibu. Mnajua ungo unavyosukwa, fito juu, fito chini, na katikati vishimo vidogo. Humo ndimo zilimokaa. Zile chembe za kituo cha saba, nzito na laini kama unga, zilikuwa zimeingia kwenye masuko, na kila akipeta mchanga mwingine zinadondoka chache. Kumi na moja, kumi, saba, tano. Hazikupungua kwa kufuata korongo. Zilipungua kwa kufuata kalenda. Na kila wageni wa ofisi walipokuja, Zuhura alipelekwa kituo cha saba kuwaonyesha, na ungo ukala shibe nyingine.

"Mama, huo uwele umwage."

"Nimwage? Nimerukwa na akili mimi?"

"Hata kuku usiwape. Una sumu."

"Ndiyo kazi mliyoajiriwa hiyo, kunitilia sumu ugali?"

Tulichimba shimo tukaufukia, mama akilalamika kwa Kigogo na kwa Kiswahili, lugha moja haikumtosha.

Njia nzima ya kurudi nilikuwa nafanya hesabu moyoni, na wala haikuwa hesabu nzuri. Nikisema, Zuhura ameanguka. Hilo nilikuwa nimelitamani wiki nyingi. Lakini nikisema, na vituo vyangu viwili vimeanguka, na wizi umejulikana. Nikinyamaza, mimi na yeye wote ni mashujaa, mashamba manne yanakatwa, na darubini inaenda kwa mmoja wetu kwa uongo. Halafu kulikuwa na swali lililonichoma kuliko yote: nikisema, nasema kwa sababu ni kweli, au kwa sababu ni Zuhura? Nilisukuma baiskeli kwenye mchanga bila kupata jibu, na mpaka leo sijapata lote. Nilipofika kambini nikautundika ungo kwenye mti wa hema kimyakimya.

Jumatatu Zuhura akarudi, mikono ina hina ya harusi, kaniletea kipande cha keki kwenye karatasi. Tulikuwa peke yetu korongoni.

"Zuhura, ungo wako niliuchukua."

"Najua," akasema. "Niliutundika kushoto, nimeukuta kulia. Ulikuwa unataka kupima mkono?"

"Nilikuwa nataka bahati yako."

Akacheka. Basi nikamweleza habari ya uwele. Kicheko kikaenda kinapungua, kinapungua. Hakubisha. Alitandika lile shuka jeupe la kumwagia sampuli, akaupindua ungo, akaupiga mgongoni kwa kiganja, kwa nguvu, mara tatu. Shuka likawa na madoadoa mekundu.

Akagusa doa moja kwa ncha ya kidole.

"Nilidhani mkono wangu unajua," akasema.

Akalia bila sauti. Kwenye harusi walikuwa wamemsimamisha mbele ya watu, kumbe, wakasema huyu ndiye mtoto wetu anayeona madini chini ya ardhi. Mama yake alipiga vigelegele. Mimi niliyekuwa nimengoja wiki nyingi kumwona hivyo, sasa nilikuwa namwona, na nilitamani mtu aje anitoe pale. Sikujua pa kuweka mikono. Nikampa keki yake mwenyewe.

"Nani mwingine anajua?" akauliza.

"Mama yangu. Naye anadhani ni chawa."

Tukatazamana. Ninyi ni vijana waaminifu, lakini hamtaniambia kuwa wazo lile lisingewapitia. Lilipita, tukaliona wote wawili likipita, tukaliacha liende. Zuhura akajifuta kwa kanga, akalikunja shuka na chembe zake ndani, akaenda hema la bosi. Nikamfuata nyuma.

"Shikamoo bosi. Ungo wangu umetudanganya," akasema, akalifungua shuka mezani. "Kituo cha saba ni cha kweli. Vyote vilivyofuata usiviamini."

Bwana Lema alivua miwani.

"Nani kagundua?"

"Sisi wote," Zuhura akasema. "Mimi na Seche."

Neno la wizi halikutoka mdomoni mwake. Alinifunika, mimi niliyetaka vumbi langu limfuate. Mnajua nilihisi nini? Shukrani, ndiyo, lakini chini yake, palepale, wivu. Nilimwonea wivu hata ule wema. Nikawaza: hata kuanguka anaanguka vizuri kuliko mimi.

Nikatoka naye hemani. Nikanywa chai nusu kikombe. Nikamwaga, nikarudi kwa Bwana Lema peke yangu.

"Bosi, kituo cha thelathini na mbili na cha thelathini na tatu ni vyangu, lakini nilipeta kwa ungo wa Zuhura. Niliuchukua bila kumwomba. Nilitaka ile kazi ya Kikuyu."

Hakunifokea. Alinisogezea ramani na ufutio. "Futa mwenyewe." Nikafuta vile vialama viwili vyekundu, vikatoka vizuri, vikaacha karatasi safi. "Unaona sasa kwa nini nataka penseli?" akasema.

Mitaro ikasimamishwa siku hiyohiyo. Tulirudia vituo vyote, wiki tatu, na magoti yangu yanaikumbuka kila moja. Nyungo zikaachwa. Tulipetea sinia la bati lisilo na mashimo, tukalipangusa kwa brashi kila baada ya kituo, na kati ya kituo na kituo tulipeta kwanza mchanga wa kujengea ulioletwa kutoka mbali, ambao tulijua hauna kitu. Ukitoa nyekundu, chombo ni kichafu, rudi upanguse. Likumbukeni hilo hata mkisahau mengine yote: kabla hujakiuliza kituo, kiulize chombo chako.

Korongo la pili halikutoa chembe hata moja. La kwanza lilitoa kituo cha saba na viwili vilivyo chini yake. Tukapanda ukingoni tukaupata mshipa wenyewe: mawe meupe yenye vidoa vyekundu, upana wa kidole changu cha shahada, urefu hatua kumi na mbili, halafu mwamba ukajifunga. Dhahabu hakuna. Bwana Lema akachora msalaba mdogo, akaandika "dalili ndogo ya zebaki", basi. Wenye mashamba wakapanda uwele. Yule mama wa ndoo alipita siku hiyo akauliza kama harusi ya mchanga imekwisha.

Mwisho wa mwezi Bwana Lema akatukusanya tena.

"Jina ninalopeleka ni Zuhura."

Watu wakapiga makofi. Mimi nilishindwa kujizuia. "Kwa nini, bosi?"

"Kwa sababu mtu anayeniletea kosa lake kabla sijaliona, naweza kumwachia darubini."

"Na mimi nilikuja!"

"Ulikuja," akasema. "Baada ya chai."

Mpishi alicheka mpaka akashika nguzo. Nilitaka kukasirika lakini ilikuwa kweli, na ukweli ukisemwa na mzee mwenye waya sikioni huna pa kuushikia.

Niliendelea na makorongo miaka mingine mingi. Nimepata mengi, nimekosa zaidi. Mkiniuliza wivu uliisha lini, sitawadanganya. Haukuisha. Kilichobadilika ni kwamba niliacha kuuficha, na wivu usiofichwa hauna nguvu ya kuiba ungo.

Siku Zuhura anahama, gari lilisimama mbali kwa ajili ya mchanga, na sanduku lake lilikuwa la bati, limejaa mawe aliyokataa kuyaacha. Nikashika mkono mmoja wa sanduku, yeye mwingine. Hatua chache tu, nikaliweka chini.

"Zuhura, lazima nikwambie. Nakuonea wivu. Wivu mbaya. Tangu siku ile ulivyosema tupete. Hata sasa hivi naona ungeteguka mguu, wakanichukua mimi."

Alinitazama, jasho linamtiririka, mikono yake bado ina rangi ya hina kwenye kucha.

"Najua, mdogo wangu," akasema. "Ningekuwa wewe, ningeomba iteguke yote miwili. Inua upande wako, gari linatungoja."

Nikainua.